Kipimo na Kikomo: Historia ya Kafeini katika Michezo ya Vyuo

Kafeini ni kemikali ya asili iliyomo katika buni, majani ya chai, kola na mimea mingine kadhaa, na ndiyo kichangamsho kinachotumiwa na watu wengi kuliko vyote duniani. Hata hivyo, uwezo wake wa kumwongezea mwanamichezo ustahimilivu haukuthibitishwa sokoni wala uwanjani, bali ulithibitishwa katika maabara za vyuo vikuu, na mara nyingi juu ya miili ya wanafunzi wenyewe. Chuo kilikusanya mahali pamoja profesa mwenye swali, chombo cha kupimia, vijana wenye afya waliokuwa tayari kujitolea kwa malipo kidogo au bila malipo, na timu ambayo matokeo yake yangeihusu moja kwa moja. Ndiyo maana mwanafunzi anaonekana katika historia hii mara mbili: kwanza kama mwili uliopimwa ili elimu ipatikane, na baadaye kama mchezaji aliyewekewa kikomo pale elimu hiyo ilipoanza kutumika mashindanoni. Kipimo na kikomo hicho, kama itakavyoonekana, havikuwahi kupatana.

Kwamba kahawa huondoa usingizi na kupunguza uchovu ni jambo lililojulikana kabla ya kuwapo kwa maabara yoyote. Masufi wa Yemen waliinywa katika karne ya 15 ili wakeshe katika dhikiri, na magharibi mwa Ziwa Viktoria Wahaya na Waganda walikuwa na desturi ya kutafuna buni za aina ya robusta zilizochemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri kisha zikakaushwa, ambazo mgeni alikaribishwa nazo kabla ya jambo lingine lolote kuzungumzwa. Lakini maarifa ya namna hiyo hayakuweza kusema ni kiasi gani cha kitu kinachofanya kazi kilichomo ndani ya kikombe au ndani ya buni moja. Mabadiliko yalianza mwaka 1819, wakati mkemia kijana wa Kijerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, ambaye alikuwa amepewa punje za kahawa na mshairi Goethe ili azichunguze, alipofanikiwa kuitenga kafeini ikiwa unga mweupe mchungu. Na mwaka 1895 mkemia mwingine wa nchi hiyo, Emil Fischer, akaweza kuitengeneza maabarani bila mmea wowote. Tangu hapo kafeini ilikuwa kitu kinachoweza kupimwa kwenye mizani, kufichwa ndani ya kidonge na kupewa mtu asiyejua anachomeza, na bila hatua hizo tatu hakuna jaribio lolote kati ya yatakayoelezwa hapa ambalo lingewezekana.

Sehemu ya pili ya msingi huo ilikuwa chombo cha kupimia uchovu, nacho kilitoka Torino, Italia, kwa Angelo Mosso, profesa wa fiziolojia, yaani elimu ya utendaji kazi wa mwili. Mosso alibuni ergografu, chombo kinachofunga mkono wa mtu juu ya meza na kuuacha huru kidole kimoja tu, ambacho hufungwa kamba yenye uzito na kutakiwa kuuvuta kwa kufuata mapigo ya saa hadi kitakaposhindwa, huku kalamu ikichora urefu wa kila mvuto kwenye karatasi. Kwa mara ya kwanza uchovu, ambao hadi hapo ulikuwa hisia ya mtu binafsi, ukawa mstari unaoshuka ambao mtu mwingine angeweza kuusoma. Watafiti wa Ulaya hawakuchelewa kulinganisha mistari hiyo kabla na baada ya kunywa kahawa, chai au kola, na wengi wao wakaripoti kwamba kafeini inauchelewesha uchovu. Kasoro kubwa ya majaribio hayo ni kwamba aliyevuta uzito alijua alichokunywa, na mara nyingi alijua pia kile ambacho profesa wake alitarajia kukiona.

Aliyeitambua kasoro hiyo na kuitafutia dawa alikuwa W. H. R. Rivers, daktari na mwanasaikolojia wa Chuo cha Mtakatifu Yohana katika Chuo Kikuu cha Cambridge, ambaye pamoja na mwenzake H. N. Webber alichapisha mwaka 1907 makala kuhusu athari ya kafeini juu ya uwezo wa misuli kufanya kazi. Rivers aliacha pombe, chai na kahawa kwa muda mrefu ili mwili wake usiwe umezoea vitu hivyo, kisha akaandaa mchanganyiko wenye kafeini na mwingine usio nayo, vyote viwili vikiwa na ladha isiyoweza kutofautishwa, ili siku ya kupimwa asijue amekunywa upi. Mbinu hiyo ya dawa bandia, ambayo leo kila mwanafunzi wa sayansi ya michezo hufundishwa katika muhula wa kwanza, ilikuwa bado adimu wakati huo, na inastahili kuhesabiwa kuwa mchango mkubwa kuliko hata matokeo yenyewe. Matokeo, kwa vyovyote, yalikuwa upande wa kafeini: kazi ya misuli iliongezeka, na ongezeko hilo halikutokana na imani ya mnywaji pekee.

Jaribio lililofuata kwa umuhimu halikutokana na udadisi wa kitaaluma, bali lilitokana na kesi. Mwaka 1909 serikali ya Marekani ilikamata mapipa 40 makubwa na 20 madogo ya shira ya Coca-Cola kwa kutumia sheria ya vyakula na dawa ya mwaka 1906, kwa hoja ya Harvey Wiley, mkuu wa idara ya kemia ya serikali, kwamba kafeini iliyoongezwa katika kinywaji hicho ilikuwa sumu kwa wanywaji, wakiwamo watoto. Kesi ilipokaribia kusikilizwa huko Chattanooga, Tennessee, mwaka 1911, kampuni iligundua kwamba ushahidi uliokuwapo ulihusu wanyama zaidi kuliko watu, na ikamwendea Harry Hollingworth, mwalimu kijana wa saikolojia katika Chuo cha Barnard, New York, ambaye mshahara wake ulikuwa mdogo na ambaye wenzake wakubwa walikuwa wameogopa kuchafua majina yao kwa fedha za kibiashara. Hollingworth alikubali, lakini kwa masharti ambayo hata leo watafiti wengi wanaolipwa na makampuni hawayapati: kwamba angeyachapisha matokeo yoyote yatakayopatikana, na kwamba kampuni isingelitumia jina lake wala la chuo chake katika matangazo.

Ilikodishwa nyumba huko Manhattan, na watu 16, wanaume 10 na wanawake 6, wakafika humo siku baada ya siku kwa wiki kadhaa, chini ya usimamizi wa karibu wa Leta Hollingworth, mke wa mtafiti, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanasaikolojia mashuhuri kwa haki yake mwenyewe. Kila mshiriki alipewa vidonge, kimoja kikiwa na kafeini na kingine kikiwa na sukari ya maziwa, na si yeye wala aliyempima aliyejua kilichomo. Kisha alitakiwa kugonga bamba la chuma kwa kasi yote aliyo nayo, kushikilia fimbo nyembamba ndani ya tundu bila kugusa kingo zake, kupiga chapa kwa mashine, kutaja rangi na kufanya hesabu. Kafeini kwa kiasi kidogo iliongeza kasi ya mikono, na kwa kiasi kikubwa ilifanya mkono utetemeke. Usingizi wa wengi haukuharibika isipokuwa pale dozi ilipokuwa kubwa. Na hapakuonekana mporomoko wa nguvu baadaye, ule ambao upande wa mashtaka uliuogopa. Kesi hiyo ilimalizwa na jaji kwa hoja ya kisheria kabla ya ushahidi huo kupimwa na baraza la wazee, na ilipofufuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1916 kampuni ilichagua kupatana na kupunguza kafeini katika kinywaji chake. Kwa michezo, hata hivyo, kilichobaki ni taratibu za jaribio lenyewe, pamoja na onyo ambalo halikusikilizwa kwa miaka mingi, kwamba dozi ndogo na dozi kubwa hazifanyi kazi moja.

Nje ya vyuo, wanamichezo hawakuwa wakisubiri ruhusa ya maabara. Waendesha baiskeli wa mashindano ya siku sita ya mwishoni mwa karne ya 19 walitumia kafeini ikiwa imechanganywa na vitu vya hatari zaidi, na mwaka 1928 shirikisho la kimataifa la riadha lilipiga marufuku vichangamsho kwa jumla, bila kuwa na njia yoyote ya kuvigundua. Vita Kuu ya Pili ilileta amfetamini, dawa kali ya kuondoa uchovu iliyogawiwa askari, na ikilinganishwa nayo kafeini ilionekana kitu cha mezani tu. Kifo cha mwendesha baiskeli wa Denmark Knud Enemark Jensen katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960, na kile cha Mwingereza Tom Simpson, ambaye alikuwa ametumia amfetamini, katika Tour de France ya mwaka 1967, ndivyo vilivyowasukuma wakuu wa michezo kuandaa orodha za dawa haramu. Kafeini iliwahi kutiwa katika orodha za mwanzo, ikaondolewa mwaka 1972, na kwa muda ikasahaulika.

Aliyeirudisha mezani alikuwa David Costill wa Chuo Kikuu cha Ball State, katika mji mdogo wa Muncie, Indiana. Maabara yake ya utendaji wa mwili, iliyojengwa katika chuo kisichokuwa na umaarufu wa Harvard wala utajiri wake, ilikuwa katika miaka ya 1970 imekuwa kituo ambacho wakimbiaji na waogeleaji walikijua kwa jina. Mwaka 1978 Costill na wenzake walichapisha jaribio la waendesha baiskeli 9 wa mashindano, wanaume 7 na wanawake 2, ambao walikanyaga baiskeli ya maabara kwa nguvu sawa na asilimia 80 ya uwezo wao wa juu kabisa wa kutumia oksijeni, hadi waliposhindwa kuendelea. Saa moja kabla ya kuanza, kila mmoja alikunywa kahawa iliyoondolewa kafeini. Siku moja ikiwa hivyo hivyo, na siku nyingine ikiwa imetiwa miligramu 330 za kafeini, kiasi ambacho mtu angekipata katika vikombe vitatu hivi vya kahawa nzito. Bila kafeini walidumu kwa wastani wa dakika 75.5; wakiwa na kafeini walidumu dakika 90.2. Robo saa ya ziada katika kazi ya kiwango hicho ni jambo kubwa, na yeyote aliyewahi kuona mtu akikanyaga hadi miguu inakataa anaweza kuelewa kwa nini makocha wa vyuo waliisoma makala hiyo kwa hamu.

Maelezo ya Costill yalikuwa ya kuvutia kwa jinsi yalivyokuwa rahisi. Misuli inayofanya kazi hutumia nishati ya aina mbili kuu: glikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa ndani ya misuli na ini kwa kiasi chenye mwisho, na mafuta, ambayo hata mtu mwembamba anayo kwa wingi. Kafeini, kwa mujibu wa maelezo hayo, huyatoa mafuta katika hifadhi zake na kuyaingiza kwenye damu mapema, ili misuli iyatumie na kuibakiza glikojeni kwa ajili ya dakika za mwisho. Nadharia hiyo ilifundishwa katika vitabu vya kiada kwa takriban miaka ishirini, ikaenea kutoka vyumba vya kubadilishia nguo hadi katika magazeti ya wakimbiaji, na kikombe cha kahawa nyeusi saa moja kabla ya mbio kikawa sehemu ya maandalizi ya wengi. Haikuzingatiwa sana kwamba mwaka 1975 watafiti wawili wa Marekani, Perkins na Williams, walikuwa wamechapisha jaribio la ustahimilivu wa misuli kwa wanawake, ambalo halikuonyesha faida yoyote ya kafeini. Kazi hiyo ya nguvu kali na muda mfupi ilitofautiana na ile ya Muncie, hivyo majaribio hayo mawili hayakupingana moja kwa moja. Lakini lile lililoleta habari njema ndilo lililokumbukwa.

Michezo ya vyuo vya Marekani katika miaka hiyo haikuwa ya Wamarekani peke yao. Katika mwaka huohuo wa 1978 Henry Rono, Mnandi kutoka Kenya aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, alivunja rekodi nne za dunia katika muda wa miezi isiyozidi mitatu, na Mtanzania Suleiman Nyambui alikuwa akielekea kutawala mbio ndefu za vyuo akiwa na jezi ya Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, kabla ya kuipatia Tanzania medali ya fedha ya mita 5,000 huko Moscow mwaka 1980. Hakuna sababu yoyote ya kuyahusisha mafanikio yao na kafeini. Wanatajwa kwa sababu kizazi chao na vizazi vilivyofuata vya wanafunzi kutoka Afrika Mashariki vilijikuta chini ya kanuni ambazo zilikuwa karibu kutungwa, kanuni zilizomtaka kijana aliyelelewa kwa chai ya maziwa asubuhi na jioni ajue kwamba ndani ya kikombe chake kulikuwa na kitu chenye kikomo cha kisheria.

Mwaka 1984 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliirudisha kafeini katika orodha yake, safari hii kwa utaratibu wa pekee. Kwa kuwa haikuwezekana kuwakataza watu wa dunia nzima chai na kahawa, iliamuliwa kwamba kosa lisiwe kuwa na kafeini mwilini, bali kuwa nayo kupita kiasi fulani katika mkojo, na kiasi hicho, baada ya marekebisho ya awali, kikawekwa kuwa mikrogramu 12 kwa kila mililita, ambapo mikrogramu moja ni sehemu ya elfu ya miligramu. Shirika linalosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, linalojulikana kwa herufi zake NCAA, liliidhinisha mpango wake wa kupima dawa mwaka 1986 na kuchagua kikomo cha mikrogramu 15. Hivyo mwanafunzi aliyeshiriki mashindano ya chuo mwezi Juni na Olimpiki mwezi Septemba angeweza kuwa halali katika mashindano ya kwanza na mkosaji katika ya pili akiwa na mkojo uleule.

Tatizo, hata hivyo, lilikuwa zito kuliko tofauti ya tarakimu. Kafeini inayoingia mwilini hufanyiwa kazi na ini, ambalo huivunja na kuigeuza kuwa kemikali nyingine, na sehemu inayotoka katika mkojo ikiwa bado ni kafeini ni ndogo sana, yaani asilimia chache tu ya ile iliyomezwa. Sehemu hiyo ndogo hubadilika kulingana na kasi ya ini la mtu, uzito wake, maji aliyokunywa, jasho lililomtoka na muda uliopita tangu alipoimeza. Watu wawili walioketi meza moja na kunywa kahawa kutoka birika moja wanaweza kutoa mikojo yenye viwango vinavyoachana mbali. Kwa mujibu wa maelezo waliyopewa wanafunzi wa Marekani, ilihitajika takriban miligramu 500, zikimezwa saa mbili au tatu kabla ya mashindano, ili kukikaribia kikomo cha chuo. Lakini makadirio hayo yalikuwa ya wastani, na sheria haimhukumu mtu wa wastani. Katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, Alexander Watson wa Australia, mshindani wa pentathloni ya kisasa, aliondolewa kwa kupita kikomo huku akisisitiza kwamba hakutumia chochote isipokuwa kahawa. Adhabu ya kufungiwa maisha aliyopewa haikudumu, na mwaka 1992 alishiriki tena huko Barcelona.

Pigo lililoivunja kabisa hoja ya kikomo lilitoka katika chuo kingine, Chuo Kikuu cha Guelph, Ontario, ambako Terry Graham na Lawrence Spriet walianza kuuliza maswali ambayo Costill hakuwa ameyauliza. Mwaka 1991 waliwapa wakimbiaji wa mashindano miligramu 9 za kafeini kwa kila kilo ya uzito wa mwili, dozi kubwa mno, na muda wao wa kukimbia kwa kasi kubwa kabla ya kushindwa ukapanda kutoka wastani wa dakika 49 hadi 71. Mwaka 1995 walirudia kwa dozi tatu tofauti, miligramu 3, 6 na 9 kwa kilo, na matokeo yakawa kinyume cha matarajio ya yeyote aliyeamini kwamba nyingi ni bora: dozi ya 3 na ya 6 ziliongeza ustahimilivu kwa takriban asilimia 22 kila moja, ilhali ile ya 9 haikuleta faida iliyothibitika kitakwimu. Kwa mtu wa kilo 70, miligramu 3 kwa kilo ni miligramu 210, kiasi kinachopatikana katika vikombe viwili vikubwa vya kahawa ya kuchuja, na mkojo wa mtu huyo haungekaribia kikomo cha Olimpiki wala cha chuo. Maana yake ilikuwa wazi: kanuni ilimwadhibu aliyemeza kiasi ambacho hakikumsaidia, na kumwacha aliyemeza kiasi kilichomsaidia.

Majaribio hayohayo yaliangusha pia nadharia ya mafuta, kwa kuwa dozi ndogo iliongeza ustahimilivu bila kuongeza kwa kiasi cha kutosha mafuta katika damu. Maelezo yaliyochukua nafasi yake yalihusu ubongo na mishipa ya fahamu. Seli zinapotumia nishati huzalisha adenosini, kemikali inayojikusanya kadiri mtu anavyofanya kazi au anavyokaa macho, na inayoshika vipokezi maalumu katika ubongo na kuupa ujumbe wa kuchoka. Kafeini, kwa kuwa umbo lake linafanana na la adenosini, hukaa katika vipokezi hivyo kama mtu aliyeketi kwenye kiti cha mwenzake, na ujumbe ukakosa pa kufikia. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha South Carolina waliingiza kafeini moja kwa moja katika ubongo wa panya, na panya hao wakakimbia kwa muda mrefu zaidi. Uchovu wenyewe, kwa hiyo, hauondolewi. Kinachopunguzwa ni habari zake. Jambo hilo lina uzito kwa kocha kuliko linavyoonekana, kwa sababu mchezaji anayehisi kazi kuwa nyepesi anaweza kujisukuma kupita pale ambapo mwili wake ungemwonya.

Tarehe 1 Januari 2004 shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, WADA, liliiondoa kafeini katika orodha ya vitu vilivyokatazwa na kuiweka katika mpango wa ufuatiliaji, yaani kupima bila kuadhibu. NCAA, kwa upande wake, ilibaki na kikomo chake cha mikrogramu 15 baada ya tarehe hiyo. Watafiti wa Hispania waliochunguza sampuli zaidi ya 20,000 za mkojo zilizochukuliwa kati ya mwaka 2004 na 2008 waliikuta kafeini katika takriban tatu kati ya kila nne, ingawa sampuli zilizopita kikomo cha zamani zilikuwa chache sana. Mwaka huohuo wa 2004 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta kuhusu chakula cha wakimbiaji 10 wa hali ya juu wa Kenya walipokuwa kambini, ambao ulionyesha kwamba kwa wastani walikunywa kwa siku lita 1.1 hivi za maji na zaidi ya lita 1.2 za chai ya maziwa. Chai hiyo hainywewi kwa ajili ya kafeini, bali kwa maziwa, sukari, joto na mazungumzo, na hakuna aliyewahi kuiita dawa. Lakini inaonyesha kwa nini orodha iliyotungwa na Kamati ya Olimpiki haikuweza kukitenganisha chakula na kichangamsho.

Wakati wakuu wa michezo wakilegeza kamba, biashara ilikuwa imebadilisha bidhaa. Red Bull, iliyoanza kuuzwa Austria mwaka 1987 na kuingia Marekani mwaka 1997, ilikuwa na miligramu 80 za kafeini katika kopo la mililita 250, kiasi kisichozidi kikombe cha kahawa. Kilichofuata kilikuwa makopo makubwa zaidi, vidonge, jeli, ubani wa kutafuna na hatimaye unga mtupu wa kafeini ulioagizwa kwa posta. Hapo ndipo hatari ilipobadilika sura. Mtu hawezi kwa urahisi kunywa kahawa ya kumuua, kwa sababu tumbo hukataa mapema. Lakini kijiko kimoja cha unga kinabeba gramu kadhaa, na gramu zinazokaribia kumi zinaweza kuua.

Mwezi Machi 2015, katika Chuo Kikuu cha Northumbria, Newcastle, wanafunzi wawili wa sayansi ya michezo walijitolea kwa jaribio la darasani la aina ileile iliyokuwa imefanywa mara nyingi tangu Muncie. Chuo kilikuwa kimeacha vidonge na kuanza kutumia unga, hesabu ya dozi ilifanywa kwa simu ya mkononi, nukta ya desimali ikakaa pasipo pake, na badala ya gramu 0.3 kila mmoja akanywa gramu 30 zilizokorogwa katika maji na maji ya machungwa. Wote wawili walilazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, damu yao ikasafishwa kwa mashine, na wakapona. Mwaka 2017 mahakama ilikitoza chuo faini ya pauni 400,000. Ni vigumu kuisoma kesi hiyo bila kuhisi kwamba mazoea ndiyo yaliyowaponza: miongo minne ya majaribio salama ilikuwa imekifanya kitendo cha kumpa mwanafunzi kafeini kionekane cha kawaida kiasi kwamba hakuna aliyekuwa na utaratibu wa kumfanya mtu wa pili aihakiki namba. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kwamba uuzaji wa unga huo kwa wingi moja kwa moja kwa walaji ni kinyume cha sheria.

Utafiti wa miaka ya karibuni umeacha kuuliza kama kafeini inasaidia na umeanza kuuliza inamsaidia nani. Mwaka 2013 watafiti wa Birmingham walionyesha kwamba kahawa yenyewe, ikiwa na kafeini ya kutosha, iliwafaa waendesha baiskeli sawasawa na kafeini tupu, kinyume cha jaribio la Guelph la mwaka 1998 lililokuwa limeona faida katika vidonge na kuikosa katika kahawa. Mwaka 2018 kundi la Chuo Kikuu cha Toronto lilichapisha jaribio la wanamichezo 101 walioendesha baiskeli kilomita 10 baada ya kupewa miligramu 2 au 4 kwa kilo au dawa bandia, huku ikichunguzwa jeni inayotawala kasi ya ini ya kuivunja kafeini. Wale walioirithi kwa namna ya kuivunja haraka waliboresha muda wao. Wale wenye namna ya polepole kabisa walichelewa kwa takriban asilimia 14 kwa dozi ya juu, kumaanisha kwamba kocha anayeigawia timu nzima dozi moja huenda anamharibia mbio mchezaji mmoja ili amsaidie mwingine.

Wanamichezo hao 101 wote walikuwa wanaume. Tangu sheria ya Marekani ya mwaka 1972 iliyokataza ubaguzi wa jinsia katika elimu, idadi ya wanawake katika timu za vyuo imekua mno, lakini miili iliyopimwa kuhusu kafeini imeendelea kuwa ya wanaume kwa sehemu kubwa, na dozi zinazopendekezwa leo, za miligramu 3 hadi 6 kwa kilo, zimetokana na miili hiyo. Tofauti hiyo ina uzito wa kimwili: vidonge vya kupanga uzazi, vinavyotumiwa na wanawake wengi wa umri wa chuo, hupunguza kasi ya ini kiasi kwamba muda wa nusu ya kafeini kutoka mwilini, ambao kwa kawaida ni takriban saa tano, unaweza kukaribia kuwa maradufu. Mchezaji wa kike anayemeza dozi iliyopangwa kwa ajili ya mwanamume wa uzito wake kabla ya mchezo wa saa moja usiku anaweza kuwa bado na nusu yake mwilini alfajiri ya siku ya mtihani, na majaribio ambayo yangemwambia apunguze kwa kiasi gani bado ni machache.